Ndeshi na Mtoto Aliyepita Surua

Sikutaka kuandika. Namnyaki, katibu wa akina mama wa usharika, kaniletea daftari jipya na kalamu mbili, akaniambia, "Bibi, tuandikie maisha ya Bibi Ndeshi, yasomwe siku ya akina mama. Yawe mazuri." Yawe mazuri! Mimi niliishia darasa la pili, halafu ngumbaru, na herufi zangu zinatembea kama kuku aliyefungwa mguu. Huko usharikani wako walimu wastaafu watatu wenye miwani, hawakuombwa. Nimeombwa mimi kwa sababu nimepakana na Ndeshi miaka sitini, mgomba wake ukianguka unaangukia kwangu. Haya, nitaandika, na nikishaandika sifuti. Mkitaka matamu nunueni miwa.

Ndeshi alizaliwa juu kule, mahali migomba inapokoma na msitu wa Meru unapoanza. Alipokuwa na miaka sita surua iliingia kwa baba yake. Walikuwa watoto wanne wa tumbo moja. Mvua zilipokatika alibaki yeye peke yake, na jicho lake la kushoto likabaki na utando mweupe kama wa maziwa yaliyopoa.

Bibi yake alishika desturi moja: nyumba yenye surua haingii mtu ila aliyekwisha kupita. Walisema hivyo, amepita, kama mtu aliyevuka mto uliofurika akafika ng'ambo. Aliyepita ndiye anayepeleka maji, ndiye anayelisha uji, ndiye anayetoa ndoo. Basi ngozi ya Ndeshi ilikuwa bado inababuka kama pumba alipotiwa kibuyu mkononi na kusukumwa ndani ya nyumba ya jirani yenye wagonjwa. Hakuugua. Akapelekwa ya pili, hakuugua. Mtoto yule aliyekuwa akilia ndugu zake akaanza kutembea kifua mbele.

Na alikuwa na haki. Surua haikumrudia maisha yake yote. Alikua, akaolewa huku kwetu chini, akafiwa na mume mapema, akabaki na binti mmoja, Joyce. Hakuwa na ng'ombe wala shamba la kusema. Lakini surua ikiingia kwa mtu, alikuwa anafuatwa Ndeshi. Alikuwa anaziba dirisha kwa kanga kwa sababu mwanga unaumiza macho ya mgonjwa, anayaosha macho yale kwa maji yaliyochemshwa, asubuhi, mchana na jioni, na anamnywesha mtoto hata kama mtoto anatema. Akina mama wengine waliwanyima watoto wao maji wakati ule wakidhani surua itarudi ndani. Ndeshi aliwafukuza na mwiko.

Halafu ikaja enzi ya ruksa, kila mtu ajitafutie. Kahawa ikakosa heshima, wanaume wakaing'oa wakapanda nyanya, wengine wakakimbilia Mererani kutafuta mawe ya buluu, na mume wa Joyce alikuwa mmojawao, akaenda na hajarudi hadi leo ninapoandika. Kule chini Usa River mashamba yakafunikwa na nyumba za nailoni, yakawa ya maua. Maua yasiyolika! Alfajiri saa kumi na moja trekta lilisimama barabarani na tela lake, wanawake wakapanda kwenda kukata waridi za Wazungu. Watoto wataachwa wapi? Wakaachwa kwa Ndeshi. Kumi na wawili, siku nyingine kumi na watano, kila mmoja na chupa yake ya uji.

Hapo ndipo Ndeshi alipojiona mtu. Niliwahi kumtania nikamwambia, "Wewe huna hata mbuzi, lakini unaingia kanisani kama mwenye kanisa."

Akanijibu, "Wewe una ng'ombe watatu. Nani amewahi kukuachia roho ya mtoto wake?"

Ndivyo alivyokuwa. Kuachiwa mtoto ndiko kulikuwa utajiri wake, hakuwa na mwingine, na hicho ndicho kitu kimoja alichoogopa kunyang'anywa.

Sasa nasema habari za Gidion, mtoto wa Joyce, mjukuu pekee. Alikuwa mnene, mcheshi, anaimba maneno asiyoyajua. Alipotimiza miezi tisa alitakiwa apelekwe zahanati kuchomwa sindano ya surua. Miezi tisa ilimwangukia Februari, wakati Wazungu wana sikukuu yao ya wapendanao na msimamizi wa shamba hamruhusu mtu hata kwenda msibani. Joyce alisema, "Nitampeleka Machi." Machi ikapita. Ndeshi naye hakumpeleka, maana moyoni alisema, sindano ya nini, nyumba hii ina mimi?

Surua ikamkuta Gidion ana miaka minne, mwaka wa tisini na nne, mwezi wa sita, ukungu umelala mlimani na baridi inauma. Homa, macho mekundu, vipele kuanzia nyuma ya masikio. Joyce akataka kuacha kazi.

"Nenda kazini," Ndeshi alimwambia. "Ukikaa hapa utanililia tu. Umesahau mimi ni nani?"

"Mama, nimeota amekuwa..." Joyce alishindwa kumaliza. Alikuwa anatazama jicho la mama yake.

"Amekuwa kama mimi? Macho yake nitayalinda kuliko yangu. Nenda."

Watoto wa watu akawarudisha kwao wiki tatu. Akamfungia Gidion ndani, akamwosha, akamnywesha. Alishuka naye zahanati mara moja tu kwa daktari Luqman, kijana Mwislamu wa Themi aliyekuwa amepangiwa kwetu, mpole kama maji ya mtungi, naye akampa matone ya kulinda macho. Siku ya ishirini na moja Gidion alitoka nje akaomba loshoro. Alikula bakuli zima la mahindi na mtindi, akaomba lingine. Macho yote mawili maangavu, hayana utando! Ndeshi alikaa kizingitini akacheka peke yake. Nilimwona kwa macho yangu, maana tulikuwa bado hatuna ukuta, tulikuwa na uzio wa masale tu.

Kama ningeacha hapa, Namnyaki angefurahi.

Wiki moja baadaye surua iliingia kwangu. Ndiyo, kwangu. Mkwe wangu Susana alikuwa na watoto wawili: Anande wa miaka mitatu, na Efraimu wa miaka saba. Anande alishikwa na surua. Efraimu alikuwa amechanjwa, surua hakupata, lakini alikuwa na kikohozi kizito cha baridi ile, kikohozi kinachotikisa kitanda. Nilisimama kwenye masale nikamwita Ndeshi. Mimi ndiye niliyemwita.

Alikuja amemshika Gidion mkono.

"Huyu naye?" nilimwuliza. "Si juzi tu ametoka?"

"Ndiyo maana nimemleta. Amepita. Nilianza mimi nikiwa na miaka sita, yeye ataanza na minne." Akampa kikombe cha bati. "Mpelekee dada maji. Usimwage."

Gidion akapeleka maji akiimba. Tulicheka. Susana alisema, "Tumepata daktari!" Siku tano mfululizo mtoto yule alishinda nyumbani kwangu, analisha Anande uji kwa kijiko, na jioni anaota moto jikoni ubavuni mwa Efraimu anayekohoa. Nikasema mara moja, nakumbuka nilisema, "Kile kikohozi cha Efraimu, hakitamwingia?"

Ndeshi akanicheka. "Mwaka juzi Gidion alikohoa hivyo hivyo, kikamwachia siku tatu. Aliyeishinda surua ashindwe na kamasi?"

Nami nikaona ni kweli. Mtu aliyemwangusha fahali, nani atamtisha kwa ndama?

Surua haikumgusa. Hilo Ndeshi alilijua vizuri na lilikuwa hivyo hivyo. Kilichomgusa ni kikohozi cha Efraimu. Kilimshika kama hakijawahi kumwona, na yeye kama hajawahi kukiona. Siku ya kwanza aliacha kuimba. Siku ya pili alianza kuhara pia. Siku ya tatu mbavu zilikuwa zinaingia ndani kila akivuta pumzi, na Ndeshi akambeba mgongoni mbio mpaka zahanati.

Daktari Luqman alimwekea kifaa kifuani, akakunja uso.

"Shikamoo bibi. Huyu si yule wa surua?"

"Ndiye. Alishapona. Amepita kabisa."

"Lini?"

"Mwezi haujatimia."

"Na tangu hapo alikuwa wapi?"

Ndeshi akanyoosha shingo. Hata wakati ule, na mtoto anahema vile mapajani, kiburi kilitangulia. "Nilikuwa naye kwa jirani, anawahudumia wagonjwa. Kwetu aliyepita hana woga."

Luqman aliweka kalamu mezani. Alimchoma mtoto sindano kwanza, akaandika karatasi ya kwenda hospitali, akamtuma mtu atafute gari. Wakati wanasubiri gari ndipo alipozungumza, taratibu, anatazama chini.

"Bibi, unawajua sungusungu wa kijiji? Wanalinda. Mwizi akija mara moja wakapigana naye, wanamkumbuka sura. Akirudi hafiki hata kwenye zizi. Damu ya mtu ina walinzi kama hao. Wako wanaokumbuka surua, hao hawasahau mpaka mtu anakufa. Ndio wanaokulinda wewe. Hapo uko sahihi."

"Sasa?"

"Sasa vita ya surua inawaumiza walinzi wengine. Mtoto anatoka amepona, ananenepa, anacheza, lakini kwa magonjwa mengine kijiji chake hakina mlinzi wa maana. Inachukua miezi kuwapata wapya. Mitatu, sita, pengine zaidi. Mtoto aliyetoka surua ni wa kufichwa na kikohozi cha watu kama kichanga."

Ndeshi akauliza, "Alikwisha kukohoa mwaka juzi. Hawakukumbuka?"

"Inaonekana hawakukumbuka, bibi."

Miaka ya karibuni nilimkuta Luqman sokoni Usa River, kichwa chote mvi, akaniambia sasa wamejua sababu: surua inawaingia wale wale walinzi wazee wenye kumbukumbu na kuwaua, na wanaozaliwa kushika nafasi zao wanamjua mwizi mmoja tu, surua yenyewe. Wengine inabidi waanze kujifunza upya. Nikamwambia, "Umechelewa." Akasema, "Najua, mama." Lakini siku ile alimwambia Ndeshi alichokuwa anakijua, na kilitosha.

Gidion alifariki hospitalini siku ya pili, saa nne asubuhi, Joyce akiwa kazini kwenye maua. Joyce aliletwa na pikipiki ya shamba, na gauni lake la kazi limelowa.

Tulizika. Na kabla udongo haujakauka maneno yakaanza. Susana mkwe wangu ndiye aliyeyaanzisha, naandika jina lake na atasoma. Alisema kisimani, "Nyie hamlioni lile jicho? Mtoto ametoka surua mzima, amenona, bibi yake kakaa kizingitini kamtazama siku nzima anacheka. Na ndugu zake mwenyewe watatu wa zamani nani aliwatazama?" Wanawake wakavuta pumzi. Siku iliyofuata walikuja watoto saba kwa Ndeshi. Wiki iliyofuata, watatu. Hata Joyce alianza kulala kwa rafiki yake.

Mimi nilijua Susana anafanya nini. Alikuwa anaogopa mtu asije akauliza Gidion alikohoa kikohozi cha nani. Nilijua, nikanyamaza. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Ndeshi alikuja kwangu mchana, akakaa jikoni pale pale alipokaa mjukuu wake. Akaniambia yote ya Luqman, neno kwa neno. Akasema, "Kesho nitawaambia kwenye trekta."

"Utawaambia nini?"

"Kwamba nilimpeleka mwenyewe. Kwa miguu yangu, kwenye nyumba yenye kikohozi."

"Una wazimu?" nilimwambia. "Nyamaza. Jicho si kosa lako, ulizaliwa ukaugua ukalipata. Watakuogopa mwaka mmoja, watasahau, watarudisha watoto. Ukisema umekosea hawatarudi kamwe. Nani atamwachia mtoto mtu aliyekosea?"

Alinitazama na jicho lile zima, akaniuliza, "Unanitetea mimi, au unatetea jiko lako?"

Niliona aibu, nikakasirika. Nikamwambia achukue njia. Akaichukua.

Alfajiri alikwenda barabarani. Nami nilimfuata, nimejifunga kanga kichwani, sikujua nifanye nini. Wanawake walikuwa wamejikunyata na baridi, watoto mgongoni. Joyce alikuwa mwisho kabisa, peke yake. Trekta lilikuwa halijafika.

"Hamjambo," Ndeshi alisema. Wachache waliitikia. "Mnasema jicho. Jicho langu halioni hata sufuria, litamwona nani? Gidion nimemuua kwa ujinga wangu. Alitoka surua, nikajua amekuwa chuma, nikamwingiza kwenye nyumba yenye kikohozi kushika kikombe. Surua inamwacha mtoto mtupu. Inamlinda na yenyewe tu. Sikilizeni: mtoto akipona surua mfungieni kama mzazi, na si siku arobaini, miezi sita. Asikae na mwenye kikohozi wala mwenye kuhara. Mlisheni. Na ile sindano ya miezi tisa mpelekeni hata trekta likiwaacha."

Mmoja akauliza, "Nyumba gani yenye kikohozi?"

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Ndeshi hakugeuza hata kichwa. "Nyumba niliyoitwa," alisema. "Sikulazimishwa kwenda na mtoto."

Ningeweza kusema, "Ni kwangu." Maneno mawili tu. Sikusema.

Susana akacheka puani. "Sasa amekuwa daktari! Jana mganga wa surua, leo daktari!"

Joyce akasogea mbele. Alikuwa mtulivu, ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Kwa hiyo ni wewe, mama."

"Ni mimi."

"Si jicho."

"Si jicho."

"Afadhali lingekuwa jicho," Joyce alisema. "Jicho hukulichagua. Ningekusamehe."

Trekta likaja na taa zake, wakapanda. Waliokuwa na watoto waliondoka nao mgongoni mpaka shambani, wakawalaza chini ya meza za kufungia maua. Hakuna aliyemwachia Ndeshi hata mmoja. Si siku ile, si tena. Joyce alihamia mjini, Engutoto, akaolewa upya, akazaa watatu. Ndeshi anawajua kwa picha moja, na yule mdogo kwenye picha amegeuka hivyo anamwona kisogo.

Sasa sikilizeni kinachonichoma. Mwaka wa tisini na sita surua ilirudi. Nyumba baada ya nyumba niliona mtoto amepona lakini hatolewi, amewekwa ndani miezi, mwenye mafua anafukuzwa mlangoni. Ukiuliza, mama anasema, "Ndivyo inavyotakiwa." Nani kasema? "Wanasema." Hata Susana alifanya hivyo kwa mtoto wake wa mwisho, na aliponiona namtazama akageuza uso. Mwaka ule tulizika mmoja tu baada ya surua, wa familia iliyohamia juzi, ambayo haikuwepo barabarani alfajiri ile. Hekima yake mmeichukua, jina lake mmeliacha matopeni. Efraimu wangu ana kifua kama mlango wa ghala, anaendesha lori kwenda Namanga, na mpaka wiki hii alikuwa hajui alichokohoa kilikwenda wapi. Nimemwambia. Amelia, mwanaume mzima. Alie.

Ndeshi yupo. Anaamka saa kumi na moja kama zamani, anachemsha uji wa kumtosha mtu mmoja. Hajawahi kuniuliza, "Kwa nini hukusema?" Kama angenitukana ningelala vizuri.

Namnyaki, mambo ndiyo hayo. Usiyasome siku ya akina mama kwa sauti ya kuimba, halafu mpige makofi mkale pilau. Wewe uliyesoma au uliyesomewa, hasa wewe uliyefungiwa ndani miezi sita mwaka wa tisini na sita na leo una mtoto wako: Jumatatu, kabla ya kwenda kazini, peleka mtoto huyo kwa Ndeshi, mwachie mpaka jioni. Usiende kumsalimia tu, usimpelekee sukari. Mwachie mtoto. Kama ana kikohozi, au katoka surua, mwache kwako mpaka apate nguvu, Ndeshi mwenyewe atakurudisha mlangoni. Nami nitakaa kwenye masale nihesabu mliokuja, na wasiokuja nitawaandika majina, kurasa bado ziko nyingi.